Kasisi aliyegeuza simu kuwa kimbilio la waliokata tamaa

MAZISHI ya kwanza kuongozwa na Chad Varah katika utumishi wake wa kanisa yalikuwa ya msichana wa miaka 14. Ilikuwa mwaka wa 1935 mjini Lincoln, Uingereza, na Varah alikuwa shemasi kijana aliyetoka tu chuo cha theolojia.

Msichana huyo alikuwa ameanza kupata hedhi. Kwa kuwa hakuna mtu mzima aliyewahi kumweleza mabadiliko ya mwili wake, alidhani ameambukizwa ugonjwa wa zinaa. Aliona haya kumuuliza yeyote, na hatimaye akajitoa uhai.

Kifo hicho kilimkaa Varah moyoni maisha yake yote. Alitoka makaburini akiwa ameazimia kwamba vijana wa parokia yake hawataangamia kwa kukosa habari ambazo mzazi au mwalimu angeweza kuzitoa kwa dakika tano. Akaanza kuwafundisha wazi kuhusu miili yao na maisha ya ndoa. Katika Uingereza ya siku hizo, jambo hilo halikupokelewa vyema, na wapo waliomwona kuwa mtu wa mawazo machafu. Vijana wenyewe walizidi kumwendea.

Edward Chad Varah alizaliwa Novemba 12, 1911, katika mji mdogo wa Barton-upon-Humber, kifungua mimba miongoni mwa watoto tisa wa kasisi. Alisomea Chuo Kikuu cha Oxford kabla ya kufuata nyayo za babake. Baada ya Lincoln alihudumu Putney, Barrow-in-Furness, Blackburn na Battersea.

Mshahara wa kasisi haukutosha familia, kwa hivyo usiku aliandika hadithi za magazeti ya katuni ya watoto. Katika gazeti la Eagle, lililoanza mwaka wa 1950, alikuwa pia mshauri wa sayansi wa hadithi za Dan Dare, rubani wa vyombo vya angani. Huenda kazi hiyo ndiyo iliyomfundisha kuzungumza na vijana bila kupanda mimbarini.

Mwaka wa 1952 jarida la Picture Post lilichapisha makala yake kuhusu elimu ya mapenzi na ndoa. Barua zikamiminika. Kati yake zilikuwemo za watu waliotaka kufa, na wengi wao hawakuonekana kuwa wagonjwa wa akili. Walikuwa wamebeba siri ambayo hawakuwa na wa kumweleza. Wakati huo ilisemekana kwamba watu watatu walijiua kila siku jijini London. Varah akajiuliza wangemwendea nani. Mtu mwenye moto nyumbani alipiga simu nambari 999, lakini mwenye moto moyoni hakuwa na nambari.

Polisi hawangekuwa kimbilio, kwani chini ya sheria ya Uingereza mtu aliyejaribu kujiua na kunusurika alikuwa mhalifu na angeweza kushtakiwa. Sheria hiyo ilifutwa mwaka wa 1961. Kwa bahati mbaya, Waingereza walikuwa tayari wameipeleka katika makoloni yao. Nchini Kenya ilibaki katika kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, ikitishia kifungo cha hadi miaka miwili, hadi Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipoamua kwamba inakiuka Katiba.

Nafasi ya Varah ilipatikana mwaka wa 1953 alipopewa kanisa la St Stephen Walbrook, katikati ya eneo la biashara la London. Lilikuwa na wakazi wachache mno, hivyo kasisi wake alikuwa na muda. Alitaka nambari ya simu iliyo rahisi kukumbukwa, MAN 9000. Alipopangusa vumbi kwenye simu kuukuu ya kanisa, alikuta nambari yake ni hiyo hiyo.

Simu ya kwanza iliingia Novemba 2, 1953. Mwezi uliofuata gazeti la Daily Mirror liliipa huduma hiyo jina la Msamaria mwema wa Biblia, na jina likashika.

Watu walifika kwa wingi kumwona. Waliojitolea kusaidia waliwaandalia chai na kuketi nao wakisubiri zamu. Hapo Varah aligundua jambo ambalo hakulitarajia: wengi walikunywa chai, wakasikilizwa, wakaenda zao bila kuhitaji kumwona yeye. Kasisi mwingine angeudhika. Yeye, mnamo Februari 1954, aliwakabidhi watu hao wa kawaida kazi yenyewe. Masharti yalikuwa machache: kutunza siri, kusikiliza, kutohukumu wala kuhubiri.

Je, kusikiliza kulizuia vifo? Watafiti walivutana. Mwaka wa 1968 Christopher Bagley alilinganisha miji yenye matawi ya Samaritans na isiyo nayo, akaona vifo vimepungua katika ile yenye matawi. Miaka 10 baadaye Brian Barraclough na wenzake walirudia ulinganisho kwa utaratibu mwingine, wasione tofauti.

Ni kweli kwamba waliojiua Uingereza na Wales walipungua kutoka 5,714 mwaka wa 1963 hadi 3,693 mwaka wa 1975. Lakini mwaka wa 1976 Norman Kreitman alionyesha kuwa sababu kubwa ilikuwa kuondolewa kwa sumu katika gesi ya majumbani. Utafiti huo uliwafunza wataalamu kwamba hamu ya kufa mara nyingi hupita, na kwamba anayecheleweshwa kwa saa chache anaweza kuokoka. Hoja hiyo haikumpinga Varah. Saa hizo chache ndizo wapokeaji wake wa simu walizokesha nazo.

Mwaka wa 1974 huduma hiyo ilivuka mipaka kupitia Befrienders International. Befrienders Kenya, jijini Nairobi, ni miongoni mwa mashirika yaliyofuata njia hiyo.

Varah hakuwa mtu mwepisi kuishi naye. Mnamo 2004 alilalamika hadharani kwamba shirika aliloanzisha limeacha njia yake. Mwaka mmoja awali alikuwa amestaafu baada ya miaka 50 katika kanisa lile lile.

Alifariki Novemba 8, 2007, siku nne kabla ya kutimiza miaka 96. Simu ya MAN 9000 ilihifadhiwa kanisani humo ndani ya kisanduku cha kioo.