Barack Obama Mkubwa: Msomi aliyeshinda mitihani akakwamishwa na viza

Katika Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilichoko Kwa Vonza, kaunti ya Kitui, kama ilivyo katika vyuo vingine vya humu nchini, wapo vijana wanaokamilisha shahada ya kwanza huku macho yao yakiwa ng'ambo. Wanatuma maombi, wanatafuta wafadhili na kuhesabu nauli. Wengi wao huamini kwamba barua ya kukubaliwa chuoni ikifika, na viza ikapatikana, kazi kubwa imekwisha. Maisha ya Barack Hussein Obama, baba mzazi wa Rais wa 44 wa Marekani, yanafundisha kinyume cha hayo. Yeye aliingia Marekani kwa bidii yake, akafaulu darasani, kisha akaondolewa nchini humo akiwa amebakiza tasnifu tu kupata shahada ya uzamifu.

Obama alizaliwa katika miaka ya 1930, Nyanza, karibu na Ziwa Victoria. Baba yake, Hussein Onyango Obama, alikuwa mpishi katika nyumba za Wazungu, mtu mkali aliyethamini elimu na nidhamu. Kijana huyo alikuwa na akili nyepesi ya kushika mambo, akaingia Shule ya Maseno, mojawapo ya shule zilizosifika sana wakati wa ukoloni. Hata hivyo aliondoka Maseno kabla ya kukamilisha masomo yake. Kwa mwenye ndoto ya chuo kikuu, huo ulikuwa msiba mkubwa, kwa kuwa enzi hizo cheti cha sekondari ndicho kilichokuwa ufunguo wa kila mlango.

Alifanya kazi za ukarani, akaoa mke wake wa kwanza, Kezia, na kuanza kulea familia mjini Nairobi. Huko ndiko bahati ilikomwangukia. Mwalimu wa Kimarekani, Elizabeth Mooney, aliyekuja Kenya kuendesha kampeni ya kufuta ujinga, alimwajiri ofisini mwake. Obama alishiriki kuandika vitabu vya kuwafundisha watu wazima kusoma kwa Kijaluo, vikiwemo vile vya Otieno Jarieko vilivyotoka mwaka 1959. Wakati huo huo alisoma masomo ya sekondari kwa njia ya posta, akafanya mtihani, kisha akaanza kuviandikia vyuo vya Marekani, kimoja baada ya kingine, makumi ya barua. Chuo Kikuu cha Hawaii kikamkubali.

Wakati huo Wakenya wengi walikuwa wakitafuta njia ya kwenda Marekani, maana nafasi za elimu ya juu katika Afrika Mashariki zilikuwa chache mno. Ukambani ulikuwa umekwisha kuwaona watangulizi. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango karibu na mji wa Kitui, alisomea Chuo cha Barrington katika jimbo la Rhode Island katikati ya miaka ya 1950, na mwaka 1963 akapata uzamifu wake Cambridge, Uingereza. Naye Tom Mboya, Mjaluo aliyezaliwa Kilimambogo mwaka 1930 na kusoma Kabaa katika nchi ya Wakamba, ndiye aliyeongoza juhudi za kuwasafirisha wanafunzi kwa ndege maalumu. Ndege ya kwanza ya mpango huo ilibeba wanafunzi 81 mwezi Septemba 1959.

Obama hakuwamo katika ndege hiyo. Alisafiri mwaka huo huo kwa mpango wake, akisaidiwa na Mooney na marafiki wengine, akamwacha Kezia akiwa mjamzito na mtoto mdogo mikononi. Alifika Honolulu wakati Hawaii ilikuwa ndiyo kwanza imekuwa jimbo la Marekani, akawa mwanafunzi wa kwanza kutoka Afrika katika chuo hicho.

Hapa inafaa kueleza jinsi mambo yalivyokwenda enzi hizo. Mwanafunzi wa kigeni hakupewa ruhusa moja ya kukaa hadi amalize shahada. Alipewa muda mfupi, na ulipokaribia kwisha alilazimika kuiomba Idara ya Uhamiaji imwongezee. Chuo kilitakiwa kuthibitisha kwamba bado anasoma na anaendelea vizuri. Akitaka kufanya kazi ili ajikimu, ilibidi aombe ruhusa pia. Kwa hiyo, kila mwaka faili lake lilifunguliwa upya, na ofisa aliyelifungua alikuwa na uwezo wa kuuliza lolote: karo inatoka wapi, unaishi na nani, una mke, una watoto.

Swali hilo la mwisho ndilo lililomponza. Mnamo Februari 1961, Obama alimwoa Stanley Ann Dunham, mwanafunzi mwenzake Mmarekani, katika kisiwa cha Maui. Kezia alikuwa bado mke wake nyumbani. Kwa mila za Kijaluo, mume kuwa na wake wawili halikuwa jambo la ajabu. Kwa sheria za Marekani lilikuwa kosa. Mwezi Aprili mwaka huo, mshauri wa wanafunzi wa kigeni wa chuo aliipigia simu Idara ya Uhamiaji kueleza wasiwasi wake. Obama alikuwa amemwambia mshauri huyo kwamba alikwisha kumpa talaka mkewe wa Kenya kwa desturi za kwao.

Ofisa wa uhamiaji aliandika maelezo na kuyatia katika faili. Alipendekeza kwamba mwanafunzi huyo ahojiwe kwa makini kabla ya kuongezewa muda mwingine, na kwamba iwapo mke wake Mmarekani angemwombea ukaazi, ndoa hiyo ichunguzwe kama ni ya kweli. Mtoto wao, Barack, alizaliwa tarehe 4 Agosti 1961. Mwezi huo huo baba aliomba tena kuongezewa muda, akapewa. Bila shaka aliona kwamba mambo yamekwisha. Lakini karatasi ile haikutoka katika faili.

Darasani hakuwa na mpinzani wa kumtisha. Alimaliza shahada ya kwanza ya uchumi mwaka 1962, katika muda wa miaka mitatu tu, na akaingizwa katika jumuiya ya heshima ya wanafunzi bora iitwayo Phi Beta Kappa. Chuo Kikuu cha Harvard kikampa nafasi na fedha za kusomea uzamifu wa uchumi. Aliondoka kwenda Cambridge, jimbo la Massachusetts, akiwaacha nyuma Ann na mtoto. Ndoa hiyo ilivunjwa na mahakama mwezi Machi 1964.

Kufikia wakati huo Obama alikuwa amefaulu mitihani mikuu ya Harvard. Kilichobaki kilikuwa tasnifu. Lakini habari za ndoa zake zilikuwa zimefika kwa wakuu wa chuo na kwa maofisa wa uhamiaji wa Boston, na pande hizo mbili zilikuwa zikiwasiliana. Mwezi Mei 1964, chuo kilimwandikia barua ya upole iliyomweleza kwamba amemaliza masomo ya darasani, kwamba hakuna fedha za kumwendeleza, na kwamba ni vyema arudi Kenya akaandikie tasnifu huko. Barua haikutaja wake zake. Alipoomba kuongezewa muda, Idara ya Uhamiaji ilimkatalia. Mwezi Julai akapanda ndege kurudi nyumbani.

Mazungumzo hayo yalibaki siri kwa miongo kadhaa. Yalijulikana mwaka 2011, faili lake la uhamiaji lilipotolewa hadharani nchini Marekani, wakati mwanawe akiwa Ikulu ya White House. Ndipo wasomaji walipoona kwamba mtu aliyeambiwa kuwa fedha zimekwisha alikuwa amekwisha kuamuliwa aondoke.

Harvard ilimtunuku shahada ya uzamili mwaka 1965, lakini uzamifu hakuupata kamwe, ingawa huku nyumbani alijiita Daktari. Alifanya kazi katika kampuni ya mafuta, Benki Kuu ya Kenya na shirika la serikali la kuendeleza utalii. Julai 1965 alichapisha makala katika jarida la East Africa Journal akiukosoa waraka wa serikali kuhusu Ujamaa wa Kiafrika, waraka ambao ulisimamiwa na wizara ya rafiki yake, Mboya. Kwa mtumishi katika zama zile, huo ulikuwa ujasiri wa kipekee. Mboya alipouawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, Obama, aliyekuwa amekutana naye muda mfupi kabla, alitoa ushahidi mahakamani.

Miaka iliyofuata haikuwa ya neema. Alipoteza kazi, akazama katika pombe, akapata ajali za barabarani. Mwishoni mwa mwaka 1971 alikwenda Honolulu kumwona mwanawe, aliyekuwa na umri wa miaka 10, hawakuonana tena. Alifariki dunia katika ajali ya gari jijini Nairobi tarehe 24 Novemba 1982, akazikwa Nyang'oma Kogelo, Siaya.

Si haki kusema kwamba viza pekee ndiyo iliyoyaharibu maisha yake. Mengine aliyafanya kwa mikono yake, na waliobeba mzigo wa ndoa zake ni wanawake na watoto aliowaacha. Hata hivyo, ni haki pia kusema kwamba hakuondolewa kwa sababu ya uvivu wala kufeli. Aliondolewa na ofisi mbili zilizojadili maisha yake bila yeye kuwapo, zikamfunika kwa kisingizio cha fedha.

Kijana wa Kwa Vonza anayejaza fomu leo ataukuta utaratibu uliobadilika kwa sura, si kwa kiini. Tangu mwaka 2003, vyuo vya Marekani vinatuma taarifa za wanafunzi wa kigeni kwa serikali kwa njia ya kompyuta. Mwanafunzi akipunguza masomo bila idhini, akihama makazi bila kutoa taarifa, akifanya kazi asiyoruhusiwa, au akiacha tarehe ya mwisho iliyoandikwa katika fomu ya chuo ipite bila kuomba iongezwe, hadhi yake ya uanafunzi inaweza kupotea. Hata kazi za ndani ya chuo zina kikomo cha saa 20 kwa wiki wakati wa muhula.

Kwa sababu hiyo, mshauri wa wanafunzi wa kigeni ni mtu wa kumwendea mapema, mwanafunzi akikumbuka kwamba mshauri huyo ana wajibu pia kwa serikali. Majibu anayotoa kuhusu familia na fedha zake yawe ya kweli na yasibadilike kutoka ofisi moja hadi nyingine. Nakala ya kila barua aihifadhi. Obama alikuwa na akili za kuishinda Harvard. Alichokosa ni kulijua faili lililokuwa likiandikwa juu yake.