Atiman, Mganga wa Karema

Mto Ruzizi mnaujua, ninyi watoto wa Bukavu. Unatoka katika ziwa Kivu, unashuka kwa nguvu kati ya milima, na karibu na Uvira unaingia katika ziwa Tanganyika. Mtu akivuka ziwa hilo kwa mashua, akafuata pwani yake ya mashariki kwa upande wa kusini, atafika Karema, katika Tanzania. Huko ndiko alikokaa mganga Adrien Atiman.

Karema haikuwa kwao. Alizaliwa karibu na mwaka 1866 mahali paitwapo Tundurma, kando ya mto Niger, mbali sana katika Afrika ya Magharibi. Akiwa mtoto mdogo alikamatwa na wezi wa watu, wakamvusha jangwa la Sahara. Fikirini mtoto wa umri wenu anayetembea katika mchanga wa moto, hajui aendako. Hakuna aliyemwuliza jina lake. Wanunuzi walitazama meno yake na miguu yake, wakauliza bei, basi. Wazazi wake hakuwaona tena.

Karibu na mwaka 1876 Mapadri Weupe walimkomboa kwa fedha huko Algeria, wakamtia shuleni. Mkubwa wao, Kardinali Lavigerie, aliona ya kuwa Waafrika wenyewe watawafaa ndugu zao kuliko wageni. Kwa hiyo alichagua vijana waliokombolewa utumwani, akawapeleka katika kisiwa cha Malta wajifunze uganga. Atiman alikuwa mmoja wao. Alipomaliza masomo, mwaka 1888, akaanza safari. Wakati ule hapakuwa na reli wala motokari za kufika ziwani. Kutoka pwani ya bahari watu walikwenda kwa miguu, miezi mingi, pamoja na wapagazi na mizigo yao. Atiman akafika Karema mwaka 1889.

Biashara ya watumwa ilikuwa haijakoma katika nchi hizo. Mtumwa aliyeugua njiani aliachwa, kwa kuwa hakuna mtu wa kumnunua. Misioni ilikuwa na watoto waliokombolewa, ambao hawakujua hata kwao ni wapi. Mbele ya watu wa namna hii wenye nguvu walipita bila kuwatazama. Atiman hakuweza kupita. Aliwajua vema mno: yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa namna hiyo.

Kazi yake haikuwa kazi ya kujionyesha. Ilikuwa kuosha madonda, kufunga vidonda, kuketi na mwenye homa. Madonda yananuka, watoto, na ndugu wa mgonjwa mara nyingine walikuwa wa kwanza kukimbia. Tena katika miaka ile funza waliingia katika nchi za maziwa, wakitoka magharibi. Watu hawakuwazoea, hawakujua kuwatoa. Wengine miguu yao ilioza, vidole vikakatika. Siku hizi hata mtoto mdogo anajua kutoa funza kwa sindano!

Zaidi ya dawa, Atiman alifundisha dini, maana alikuwa pia katekista. Alioa msichana wa nchi ile, na mtoto wao Joseph akawa padri mwaka 1923. Baba aliyeuzwa kama mzigo alipiga magoti, akapokea baraka ya mwanawe.

Mapadri wengi walikuja Karema katika miaka hiyo. Wengine waliuawa na homa, wengine walihamishwa. Wakoloni Wadachi walikuja wakaondoka, Waingereza wakashika nchi. Atiman alibaki na wagonjwa wake miaka 67. Katika uzee alipewa nishani, naye akaendelea kutibu.

Alikufa mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 90 hivi. Alizikwa Karema, kati ya watu aliowauguza.