William Siborne: Luteni aliyemaliza jeshi la wanajeshi 70,000 wa bati

Kila mtu anayepaka rangi wanajeshi wadogo wa michezo ya vita ya mezani anaijua hii hali. Umenunua boksi, umekata, umegundisha, umepuliza praima. Kumi wa kwanza wanatoka freshi kabisa. Ukifika wa kumi na tano mkono unachoka, wa ishirini unashika simu. Wengine arobaini wanabaki kwenye rafu wakiwa kijivu, wanakuangalia tu miezi sita.

Kama uko hapo saa hii, kuna msee mmoja wa kitambo unafaa umjue. Yeye alikuwa na zaidi ya 70,000.

Anaitwa William Siborne. Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1797, mtoto wa mwanajeshi, na yeye mwenyewe akaingia jeshini akiwa kijana mdogo. Vita vya Waterloo, vile vilivyommaliza Napoleon, vilipiganwa Ubelgiji tarehe 18 Juni 1815. Siborne alikuwa na miaka 17 na hakuwepo. Alitumwa ng'ambo baadaye, vita vikiwa vimeshaisha, akajiunga na jeshi lililokuwa limekalia Paris. Hiyo siku kubwa ya kizazi chake ilimpita.

Kipaji chake hakikuwa cha kupiga bunduki. Kilikuwa cha kupima ardhi na kuichora: mlima uko wapi, bonde linaanzia wapi, barabara inapinda vipi. Akaandika vitabu kuhusu kuchora ramani na kutengeneza modeli za ardhi. Kwa hivyo mwaka wa 1830, wakubwa wa jeshi wakitaka modeli ya Waterloo ya kuwekwa kwenye makumbusho, kazi ikamwangukia yeye. Wakati huo alikuwa luteni tu, anafanya kazi ya ofisi huko Ireland.

Sasa angalia vile alianza. Hakuanza na wanajeshi. Alienda Ubelgiji, akakaa miezi minane kwenye shamba la La Haye Sainte, katikati kabisa ya uwanja wa vita, akipima kila mteremko. Hata hiyo haikuwa rahisi, kwa sababu udongo mwingi wa pale ulikuwa umeshachimbwa kujenga kile kilima kikubwa chenye sanamu ya simba.

Halafu akachagua dakika moja. Vita vya siku nzima haviwezi kuingia kwenye meza, kwa hivyo akaamua ataonyesha saa moja jioni peke yake, wakati kikosi cha walinzi wa Napoleon kinapanda kushambulia kwa mara ya mwisho. Akaandikia maofisa walionusurika, mamia yao, akiwauliza: saa hiyo ulikuwa wapi? Adui mbele yako alikuwa amejipanga vipi? Na shambani hapo kulikuwa kumepandwa nini? Ndiyo, aliuliza hadi mimea. Barua zikaanza kurudi, na kila barua ilimpa kipande kingine cha kupanga.

Hapo ndipo naona siri ya morali yake. Jeshi la 70,000 haliwezi kukuvuta mezani, linakuogopesha tu. Lakini swali moja la kikosi kimoja, kilisimama wapi saa moja jioni, hilo unaweza kulimaliza wiki hii. Wiki ijayo unashika lingine.

Lakini shida ikaingia, na ilikuwa ya doo. Mwaka wa 1833 serikali mpya ikakataa kuendelea kugharamia mradi. Luteni hana mshahara wa maana, lakini uwanja umeshapimwa. Wengi wetu tungefunga boksi hapo. Siborne akaendelea na pesa zake na za kukopa. Gharama ikafika karibu pauni 3,000, na kwa mtu wa cheo chake hiyo ilikuwa hela ya kukuzamisha.

Ya pili ilikuwa siasa. Ushahidi aliokusanya ulionyesha kuwa saa hiyo ya jioni Waprusia, marafiki wa Waingereza, walikuwa wameshafika kwa wingi na wako ndani kabisa ya mapigano. Wakubwa waliokuwa karibu na Duke wa Wellington hawakuipenda hiyo picha, maana ilionekana kupunguza sifa za Mwingereza. Presha ikawa kubwa. Mwishowe Siborne aliondoa sehemu kubwa ya Waprusia kwenye modeli. Wanahistoria wanabishana hadi leo kama alishawishika kweli au alichoshwa tu.

Modeli ikakamilika mwaka wa 1838 na kuwekwa Egyptian Hall, mtaa wa Piccadilly, London. Kila mwanajeshi alikuwa na urefu wa kama sentimita moja, amepakwa rangi, na aliwakilisha watu wawili hivi wa ukweli. Ilikuwa kubwa hadi ikabidi itengenezwe vipande vipande. Watu kama 100,000 walilipa shilingi moja moja kuiona. Piga hesabu, hiyo ni pauni 5,000. Lakini gharama za maonyesho na watu wa katikati zilikula, na Siborne hakupata faida. Madeni yakabaki yakimfuata.

Unaweza kusema basi alishindwa. Mimi sioni hivyo, lakini pia sitakudanganya kuwa kutokata tamaa hakuna bei. Ilimgharimu. Kosa lake halikuwa kupenda kazi, lilikuwa kubeba mradi wa serikali kwa mfuko wa mtu mmoja.

Na angalia alichofanya baadaye. Mwaka wa 1844 alitoa historia ya vita hivyo, juzuu mbili, iliyojengwa juu ya zile barua. Mwaka huo huo akaonyesha modeli ya pili. Safari hii hakugusa Waterloo yote. Alichagua sehemu moja tu, pale wapanda farasi wazito wa Uingereza wanaposhambulia mapema mchana. Wanajeshi wachache zaidi, wakubwa zaidi, unaona kila mmoja anafanya nini.

Alifariki mwaka wa 1849, akiwa na miaka 51, akifanya kazi kwenye shule ya watoto wa wanajeshi huko Chelsea. Mwanawe akachapisha sehemu ya zile barua mwaka wa 1891, na wanaosoma Waterloo wanazitumia bado. Modeli kubwa iko National Army Museum, hapo hapo Chelsea. Ile ndogo iko Royal Armouries, Leeds.

Kwa hivyo leo jioni, wale arobaini wa kijivu waache kwenye rafu. Toa watano. Amua wanafanya nini na wamesimama kwenye udongo gani. Paka hao, wamalize hadi vitako, uwaweke mahali unapoweza kuwaona. Halafu kesho toa wengine watano.