Carey Francis: Mgala na Haki Yake

Wahenga wetu wa pwani wametuachia neno la insafu: Mgala muuwe na haki yake umpe. Leo, wasomaji wapenzi, nataka kulitumia neno hilo kwa mtu asiyekuwa wa dini yetu, ambaye kazi yake iliwatia wazee wetu hofu. Naye ni marehemu Edward Carey Francis, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya Alliance. Mimi ni mtoto wa chuo, niliyefunzwa alifu kwa kijiti, na sina sababu ya kumpendelea mmisionari. Lakini kila nikichunguza habari za walioishika Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, naukuta mkono wa mwalimu huyu.

Alizaliwa London tarehe 13 Septemba 1897. Katika Vita Kuu ya kwanza alikuwa afisa wa kikosi cha mizinga. Vita vilipokwisha aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge kusoma hesabu, akafaulu mno hata akafanywa mwalimu huko huko, katika chuo cha Peterhouse. Mbele yake palikuwa na maisha ya raha na heshima. Mwaka 1928 aliyaacha yote, akaja Kenya kwa misheni ya C.M.S., akashika shule ya Maseno, Nyanza. Mtu aliyekuwa akisomesha mabingwa wa hesabu sasa akawa anawasomesha watoto kujumlisha na kutoa. Hakuoa, wala hakujikusanyia mali. Mwanafunzi ndiye aliyekuwa mkewe na shamba lake.

Maseno alikaa miaka 12. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake alikuwa Jaramogi Oginga Odinga, ambaye baadaye alikuwa Makamu wa kwanza wa Rais wa Kenya. Wawili hawa hawakuwa wa fikira moja. Odinga aliipigania siasa ya uhuru, na Francis hakuipenda siasa ya haraka. Hata hivyo mwanafunzi hakuacha kumheshimu mwalimu wake.

Mwaka 1940 Francis alihamia Alliance, huko Kikuyu, magharibi ya Nairobi, upande ule ule wa kuipita Kawangware. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1926 na misheni za Kiprotestanti zilizoungana, na vijana waliletwa kutoka kila pembe ya nchi. Hapo Mjaluo alilala ubavuni mwa Mkikuyu, na Mgiriama akala sahani moja na Mkamba. Francis aliiongoza kwa miaka 22.

Malezi yake yalikuwa makali. Kengele ikilia, imelia. Mwenyewe alivaa kaptula ya khaki, akashinda na vijana darasani na kiwanjani, na mpira akaucheza nao. Kazi za mikono zilikuwa sehemu ya masomo, ili asitoke hapo kijana anayeona haya kushika jembe au fagio. Wakubwa walikabidhiwa wadogo wawaangalie, na hapo ndipo walipojifunza uongozi, kwa kuulizwa habari za wenzao kabla ya habari zao wenyewe. Samaki alikunjwa angali mbichi. Na watoto wengi wa Afrika Mashariki ambao hawakupata kuiona Alliance walijifunza hesabu kwa vitabu vyake vya Highway Arithmetic.

Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, shule ilikuwa katikati ya moto. Francis aliipinga Mau Mau waziwazi, na hilo Wakenya wengi hawakumsamehe. Lakini pia aliupinga ukatili wa askari wa serikali, naye Mwingereza mwenzao. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, aliingia Alliance mwaka 1955. Aliporudi nyumbani likizo ya kwanza alikuta kijiji chao kimebomolewa, na ndugu yake alikuwa msituni na wapiganaji. Ndani ya ua wa shule alipata pa kusomea.

Sasa tujiulize sisi wa pwani. Ronald Ngala alitoka huku kwetu akasoma Alliance, na Robert Matano vile vile, na wote wawili wakawa mawaziri. Watoto wa Kiislamu walikuwa wapi? Wazee wetu waliogopa kwamba mtoto akienda shule ya misheni atarudi na jina jingine na kibla kingine. Hofu hiyo haikuwa ya bure, kwani misheni haikuficha lengo lake. Lakini hofu peke yake haisomeshi mtoto. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891, aliliona jambo hili mapema. Katika Sahifa mwaka 1930, kisha katika Al-Islah mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu washike elimu ya dunia na wasiiache dini yao. Alifariki mwaka 1947 akiwa Kadhi Mkuu, na nasaha zake zilikuwa hazijazaa shule za kututosha. Uhuru ulipokuja, wenzetu walikuwa na waliolelewa kuongoza, na sisi tulikuwa na malalamiko.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni mwisho wa mtu huyu. Mwaka 1962 alistaafu Alliance. Angeweza kurudi kwao akapumzike. Badala yake alikwenda Pumwani, mtaa wa maskini wa Nairobi ambao Waislamu wengi wameufanya kwao, akawa mwalimu wa kawaida katika shule ya sekondari ya hapo, chini ya amri ya mwingine. Wanafunzi wake wa zamani walikuwa wakipanda magari ya serikali, na yeye alikuwa akishika chaki. Hivyo ndivyo alivyokuwa hata alipofariki tarehe 27 Julai 1966, na wanafunzi wake wa zamani wakalibeba jeneza lake.

Hatuambiwi tuifuate dini yake. Lakini subira yake na kushuka kwake ni mambo ambayo dini yetu ilitufunza kabla yake. Leo ukipita Kibera, ambako Wanubi walijenga misikiti yao zamani za wakoloni, au ukipita Kawangware, utaona shule ndogo za mabati zimebanana vichochoroni. Watoto wa Kiislamu wamo. Wanaohitajiwa ni walimu, na hasa mtu mzima aliyekwisha kupata cheo, ambaye atakubali kukiweka kando akakae nao. Tukimpata mmoja katika kila mtaa, haki ya Mgala tutakuwa tumeitoa, na yetu tutakuwa tumeidai.