Rebmann: Aliyeiona theluji ya Kilimanjaro, wasomi wa London wakamkana

KWA wakazi wa Mraru, Voi na maeneo mengine ya Taita Taveta, kuwepo kwa theluji kileleni mwa Mlima Kilimanjaro si jambo la kubishaniwa. Mlima wenyewe ni jirani yao. Taveta iko miguuni pake, na mawingu yanapotawanyika kilele huonekana kutoka mbali katika nyanda za Tsavo.

Hata hivyo, palikuwa na wakati ambapo mtu aliyetamka jambo hilo mbele ya wasomi wa Ulaya alihesabiwa kuwa ameota. Mtu huyo alikuwa Johannes Rebmann, mmishenari Mjerumani aliyeikata nchi ya Wataita kwa miguu mwaka 1848. Habari aliyoileta ilichukua miaka 13 kuthibitishwa na mtu mwingine kutoka Ulaya. Baadaye macho yale yale yaliyoiona theluji yakapofuka.

Rebmann alizaliwa Januari 16, 1820 katika mji wa Gerlingen, karibu na Stuttgart, katika ufalme wa Württemberg ambao leo ni sehemu ya Ujerumani. Alisomea kazi ya umishenari mjini Basel, Uswisi, kisha akapelekwa Islington, London, katika chuo cha shirika la Kianglikana la Church Missionary Society. Aliwekwa wakfu mwaka 1845, na Juni 10, 1846 akashuka Mombasa akiwa kijana wa miaka 26.

Aliyempokea alikuwa Mjerumani mwenzake, Johann Ludwig Krapf, ambaye alikuwa ameishi Mombasa tangu mwaka 1844 na kuwazika huko mkewe na mtoto wao mchanga. Agosti 1846, wawili hao walipanda Rabai, katika vilima vya Mijikenda nyuma ya Mombasa, wakaanzisha kituo chao. Wote wawili walikuwa wagonjwa wa homa siku hiyo, lakini hawakukubali kuiahirisha safari.

Krapf alikuwa na ndoto ya kuanzisha mlolongo wa vituo vya injili kutoka Bahari ya Hindi hadi pwani ya magharibi ya Afrika. Kwa hiyo ilibidi nchi za bara zijulikane kwanza, na kazi hiyo ikamwangukia kijana.

Njia ya Taita

Safari ya kwanza ya Rebmann ilikuwa Oktoba 1847, alipokwenda hadi Mlima Kasigau, kusini mwa mahali ulipo mji wa Voi leo. Kutoka Rabai hadi Taita palikuwa na nyika kavu ya miiba, isiyo na maji kwa mwendo wa siku kadhaa. Misafara ya biashara ilitegemea mabwawa ya mvua na akiba ya maji iliyopatikana katika vilima kama Maungu. Aliyekosa hesabu ya maji hakufika.

Aprili 27, 1848 aliondoka Rabai tena, safari hii akielekea Uchagani. Kiongozi wake alikuwa Bwana Kheri, Mswahili mzoefu wa misafara aliyeijua njia hiyo. Walikuwa watu wachache tu, idadi ambayo wafanyabiashara wa pwani waliiona kuwa ya hatari, kwani misafara ya kawaida ilikwenda na watu wengi wenye silaha. Rebmann mwenyewe husimuliwa kuwa alitembea na mwavuli.

Kabla ya kuondoka alikuwa ameonywa. Huko Mombasa iliaminika kwamba mlima mkubwa wa Uchagani ulikuwa na majini, na kwamba anayethubutu kuupanda baruti yake hukataa kuwaka na miguu yake hukauka. Wengine walisema kileleni pana fedha. Maelezo hayo yote, kama ilivyokuja kudhihirika, yalikuwa na chembe ya ukweli ndani yake.

Msafara ulipita katika nchi ya Wataita, ukavuka Bura, ukaingia katika mbuga za kuelekea Taveta. Asubuhi ya Mei 11, 1848, yapata saa nne, Rebmann aliona kitu cheupe kinachong'aa juu ya mlima ulio mbele yao. Mwanzoni alidhani ni wingu. Alipomuuliza kiongozi wake, huyo hakuwa na jina la kukiita kitu kile ila baridi.

Neno hilo moja lilimtosha. Rebmann alikuwa amekulia katika nchi ya theluji, akafahamu mara moja kwamba baridi inayokaa juu ya mlima, nyeupe na isiyoondoka, haiwezi kuwa kitu kingine. Aliketi, akafungua Biblia na kuisoma Zaburi ya 111.

Lililo muhimu hapa ni kwamba Rebmann hakuwafundisha wenyeji habari ya mlima wao. Wachagga waliishi chini yake, Wataita waliuona, na misafara ya Waswahili iliutumia kama alama ya njia. Hata Ulaya ulikuwa umewahi kutajwa: mwaka 1519 Mhispania Martín Fernández de Enciso aliandika kwamba magharibi mwa Mombasa kuna mlima mrefu sana. Alichofanya Rebmann ni kuunganisha neno la kiongozi wake na kitu alichokifahamu, kisha akaandika tarehe, mahali na jinsi alivyoona.

Kisa cha Sabaya

Huko Kilema alipokelewa na Mangi Masaki, na Juni 11 alikuwa amerejea Rabai salama. Novemba mwaka huo huo alirudi, akafika Machame kwa Mangi Mamkinga. Safari hii alipita karibu zaidi na mlima, hata usiku aliweza kuitambua theluji kwa mwanga wa mwezi. Alieleza kwamba mlima una vilele viwili vikuu: kimoja cha mviringo chenye theluji, ambacho ndicho Kibo, na kingine kilichochongoka, Mawenzi.

Ndipo aliposimuliwa kisa kilichoondoa shaka yote. Rungua, baba yake Mamkinga, aliwahi kutuma kundi la watu kupanda mlima wakachunguze kile cheupe, kwa matumaini kwamba ni fedha. Aliyerudi ni mmoja tu, jina lake Sabaya, naye viganja na miguu yake ilikuwa imeharibiwa na baridi. Kwa hiyo miguu iliyokauka haikuwa hadithi ya majini, bali madhara ya barafu juu ya mwili wa binadamu. Na watu wa kwanza wanaotajwa kuikabili barafu ya Kibo walikuwa Wachagga, si Wazungu.

Safari ya tatu, iliyoanza Aprili 6, 1849, iliishia vibaya. Rebmann alikusudia kupita Machame hadi Unyamwezi, akiwa na watu wapatao 30 na bidhaa za kutosha. Mamkinga alimnyang'anya vitu vyake kidogo kidogo kwa jina la zawadi, hata hakubaki na cha kusafiria. Alirudi Rabai Juni 27, dhaifu na mikono mitupu. Hakuuona tena mlima huo kwa karibu.

Vita vya karatasi

Mwezi Mei mwaka huo wa 1849, habari zake zilikuwa zimechapishwa London katika jarida la shirika lake. Zikazua ubishi mkali. Mpinzani mkuu alikuwa William Desborough Cooley, mwanajiografia aliyesifika kwa uchambuzi wa habari za bara la Afrika ingawa hakuwahi kufika bara hilo. Katika kitabu chake cha mwaka 1852, Cooley alidai kwamba theluji ya Rebmann ilikuwa tendo la mawazo yake, wala si ushahidi wa macho.

Ubishi huo haukutokana na kutojua sayansi. Wasomi wa Ulaya walikuwa wamekwisha kusoma habari za theluji katika milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini, karibu kabisa na ikweta. Inajulikana kuwa kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo joto linavyopungua, wastani wa nyuzi sita hivi za selisiasi kwa kila mita 1,000. Mlima mrefu vya kutosha hushika theluji popote ulipo. Kilichogombewa hasa ni nani wa kuaminiwa: msomi aliyezungukwa na vitabu, au mmishenari asiye na vipimo aliyetembea kwa miguu akiongozwa na Mswahili.

Desemba 3, 1849, Krapf naye aliuona Mlima Kenya na theluji yake kutoka Kitui. Badala ya kuwa ushahidi wa pili, jambo hilo liliongeza dhihaka.

Rebmann hakubadilisha neno. Mwaka 1855, yeye na mwenzake Jakob Erhardt walikusanya masimulizi ya wafanyabiashara wa misafara na kuchora ramani ya bara, ikionyesha ziwa moja kubwa mno lenye umbo la konokono. Ramani ilikosea, kwani maziwa yalikuwa matatu: Viktoria, Tanganyika na Nyasa. Lakini kosa hilo lilizaa matunda. Richard Burton na John Hanning Speke walitumwa kuhakikisha, na mwaka 1858 wakafika Tanganyika na Viktoria.

Ukweli wapandishwa mlimani

Mwaka 1861, Baron Karl Klaus von der Decken, Mjerumani, aliupanda Kilimanjaro akiwa na mwanajiolojia Mwingereza, Richard Thornton. Walifika mita 2,500 hivi, mvua ikawazuia. Hata hivyo waliipima theluji kwa macho yao na vyombo vyao, na Thornton akatambua kwamba mlima huo ni volkano. Mwaka uliofuata Decken alirudi na Otto Kersten, wakafika karibu mita 4,300, na usiku theluji ikawaangukia kambini. Hata baada ya hapo Cooley hakukubali.

Agosti 1871, Charles New, mmishenari wa Kimethodisti kutoka Ribe, alipita njia ile ile ya Taita, akapanda kutoka Moshi hadi kuigusa theluji kwa mkono. Safari hiyo ndiyo iliyomfikisha pia Ziwa Chala, lililomo ndani ya kreta ya volkano mpakani mwa Taveta. Kilele chenyewe cha Kibo, mita 5,895, kilifikiwa Oktoba 6, 1889 na Hans Meyer na Ludwig Purtscheller.

Leo inafahamika kwamba Kilimanjaro ni volkano tatu: Shira na Mawenzi zilizokufa, na Kibo iliyolala lakini ingali ikitoa gesi ya salfa katika kreta yake.

Miaka ya giza

Wakati wengine wakipanda mlima aliouona yeye, Rebmann alikuwa Rabai. Alimwoa Emma Tyler huko Misri mwaka 1851. Mtoto wao alifariki angali mchanga, na Emma mwenyewe akafa mwaka 1866. Krapf alikuwa amerudi Ulaya, na waumini waliobatizwa walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Kwa kipimo cha ripoti za umishenari, hiyo ilikuwa kazi iliyoshindwa.

Lakini alikaa na lugha. Alikusanya maneno ya Kirabai na Kiswahili, na kutoka kwa Salimini, mtumwa aliyetekwa nchi za Ziwa Nyasa na kuletwa Mombasa, aliandika kamusi ya Kinyanja. Kamusi hiyo ilichapishwa mwaka 1877, na ile ya Kinyika mwaka 1887, mwandishi akiwa amekwisha kufa.

Macho yake yalififia taratibu hadi akawa kipofu. Mwaka 1875, baada ya miaka 29 barani Afrika bila kurudi kwao hata mara moja, alikubali kuondoka. Aliyemshika mkono njia nzima hadi Ulaya alikuwa Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Aliishi Korntal, jirani na rafiki yake Krapf, akaoa tena, na akafariki huko Oktoba 4, 1876 akiwa na miaka 56.

Rabai ina makumbusho yanayohifadhi kumbukumbu za waasisi hao. Na kule Kibo, moja ya mabaki ya barafu upande wa kusini wa kilele linaitwa Barafu ya Rebmann. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwa mlimani mwaka 1912 imekwisha kuyeyuka, na mwaka 2022 shirika la UNESCO lilionya kwamba iliyobaki itatoweka kufikia mwaka 2050.

Endapo itakuwa hivyo, watoto wa Taita na Taveta watakaozaliwa baadaye watautazama mlima mweusi mtupu, na watahitaji kuamini maneno ya waliotangulia kwamba juu yake palikuwa na weupe. Miongoni mwa ushahidi watakaousoma ni shajara ya msafiri aliyepita kwao mwaka 1848, pamoja na lile neno moja alilopewa na Bwana Kheri.