PADRE LUIGI STURZO NA HASIRA YA WAPIGA KURA

Kila nchi inapokaribia uchaguzi mkuu, maneno ya namna moja husikika sokoni, barazani, hata nje ya mlango wa kanisa baada ya Misa. Watu husema kwamba vyama vyote ni sawa, kwamba wakubwa huwakumbuka wananchi siku ya kura tu, na kwamba hakuna faida ya kujisumbua. Malalamiko hayo mara nyingi yana haki. Lakini hata hasira yenye haki yaweza kumpeleka mtu pabaya. Leo twasimulia maisha ya Padre mmoja wa Italia aliyeijua hasira hiyo, akajaribu kuigeuza iwe kazi njema, kisha akaona taifa lake likipotezwa nayo.

Luigi Sturzo alizaliwa tarehe 26 Novemba 1871 katika mji wa Caltagirone, kisiwani Sisilia, katika jamaa yenye cheo. Alipata upadre mwaka 1894, akaenda Roma kuendelea na masomo. Jumamosi Kuu ya mwaka 1895 alikwenda kubariki nyumba katika mtaa wa maskini mjini humo. Umaskini aliouona ulimshtua hata kwa siku kadhaa akashindwa kula. Tangu hapo, kijana huyu aliyependa falsafa hakuweza tena kuyafumbia macho mambo ya umma.

Huko kwao wakulima walilima ardhi ya matajiri walioishi mbali, na mawakala waliokodi mashamba hayo wakawakamua. Padre Sturzo hakuanza kwa hotuba. Alianza kwa benki ndogo ya wakulima ya kukopeshana, kwa vyama vya ushirika, na mwaka 1897 kwa gazeti. Kuanzia mwaka 1905 hadi 1920 aliuongoza mji wake. Kwa kuwa sheria haikumruhusu padre kuwa meya, alifanya kazi yote hiyo kwa cheo cha kaimu. Mwaka 1918 alianzisha shule ya ufinyanzi, ili sanaa ya kale ya mji iwape vijana riziki.

Siasa ya taifa lakini ilinuka. Tangu serikali ya Italia ilipoitwaa Roma kutoka mikononi mwa Papa mwaka 1870, Wakatoliki walizuiwa kushiriki katika uchaguzi wa Bunge. Bunge likawa la mabwana wakubwa wa kila wilaya. Huko kusini hasa, kura zilipatikana kwa fadhila, kwa hongo na kwa vitisho vya maofisa wa serikali. Mbunge aliweza kuhama upande mmoja hadi mwingine kwa ajili ya cheo au barabara ya kwao. Basi watu waliidharau siasa, na waliidharau kwa haki.

Ndipo vikaja vita vya mwaka 1915 hadi 1918, ambavyo viliua askari wa Italia zaidi ya 600,000. Waliosalia walirudi wakakuta bei zimepanda, kazi hakuna, na ardhi waliyoahidiwa wakulima haionekani. Tarehe 18 Januari 1919, Sturzo na wenzake walitangaza Chama cha Watu wa Italia, na mwaka huohuo Papa Benedikto XV akaliondoa lile katazo la zamani. Sturzo alikataa kukiita chama chake cha Kikatoliki. Kanisa ni la wote, naye hakutaka makosa ya chama yawe mzigo wa Kanisa. Chama kilidai ardhi kwa wakulima, mamlaka zaidi kwa miji na mikoa, na haki ya wanawake kupiga kura.

Katika uchaguzi wa Novemba 1919 chama hiki cha miezi kumi kilipata viti 100 kati ya 508. Wasoshalisti walipata 156. Lakini tazameni jambo jingine: katika kila wapiga kura kumi, zaidi ya wanne hawakwenda kupiga kura kabisa. Walikuwa wamekwisha kata tamaa.

Bunge jipya nalo halikuwaponya. Vyama vikubwa viwili havikuweza kupatana, na serikali zilianguka moja baada ya nyingine. Sturzo naye hakukosa lawama. Mwaka 1922 alizuia kurudi kwa waziri mkuu mzee, Giovanni Giolitti, na wapo wanaosema kwamba kwa ukaidi huo alisaidia kuufungua mlango kwa mwovu zaidi. Huku nyuma Wafashisti wenye mashati meusi walikuwa wakipiga watu na kuchoma majengo ya ushirika. Watu wengi wenye heshima zao, na Wakatoliki wengi miongoni mwao, walianza kusema kwamba afadhali mtu mmoja mwenye nguvu kuliko vyama vinavyogombana.

Mtu huyo akapatikana. Oktoba 1922 mfalme alimkabidhi Benito Mussolini serikali, ingawa wabunge wake hawakufika hata 40. Bunge lilimpigia kura ya imani, na baadhi ya wenzake Sturzo wakapokea uwaziri. Sturzo alipinga. Aprili 1923, baada ya mkutano wa chama mjini Torino, mawaziri hao waliondolewa. Vitisho juu ya Kanisa vikazidi, na katika Roma yenyewe wakubwa wakaona afadhali Padre huyu akae kando. Julai alijiuzulu ukatibu wa chama kwa utii. Agosti, Padre Giovanni Minzoni aliuawa na Wafashisti huko Argenta.

Ikatungwa sheria ya kuipa orodha iliyoongoza theluthi mbili za viti, mradi tu ipate robo ya kura. Uchaguzi wa Aprili 1924 ulifanyika kwa vitisho. Mbunge Giacomo Matteotti aliyashutumu hayo Bungeni, na mwezi Juni akauawa. Oktoba, Sturzo aliondoka kwenda London. Mwaka 1926 vyama vyote vya upinzani vilifutwa. Mwaka 1929 Waitalia waliwekewa orodha moja tu ya majina, waikubali au waikatae. Ugomvi wa vyama, ambao watu waliuchoka sana, ulikuwa umekwisha. Haki ya kulalamika nayo ilikuwa imekwisha pamoja nao.

Padre Sturzo alikaa uhamishoni karibu miaka 22, London na kisha Marekani, akiandika bila kuchoka. Alirudi mwaka 1946, baada ya vita vilivyoiharibu nchi yake. Mwaka huo wanawake wa Italia walipiga kura ya taifa kwa mara ya kwanza, na rafiki yake Alcide De Gasperi alikuwa akiongoza serikali. Mwaka 1952 Sturzo alifanywa seneta wa maisha. Hakutumia heshima hiyo kuwasifu wenzake. Aliwakemea waliotaka serikali iingilie kila shughuli, vyama vilivyoigeuza dola kuwa mali yao, na waliotapanya fedha za umma. Alifariki Roma tarehe 8 Agosti 1959, akiwa na miaka 87. Mwaka 2002 Kanisa lilifungua kesi ya kumtangaza mwenye heri.

Maisha haya yatufundisha nini? Padre Sturzo aliyaona maovu ya vyama kuliko wengi wetu, tena alivikemea mpaka uzeeni. Lakini hakusema kwamba siasa haimhusu, wala hakumtafuta bwana mmoja wa kumwondolea mzigo. Alianzia kwenye hesabu za ushirika na barabara za mji wake, mahali ambapo mwananchi aweza kumjua kiongozi mwaminifu na mwizi.

Wazee wetu walisema, hasira hasara. Tena walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Waitalia waliuacha ufa kwa kuchukia mafundi wabovu, na ukuta walioujenga baadaye uliwagharimu zaidi ya miaka ishirini na damu nyingi. Kwa hiyo mwananchi mwenye uchungu na aende kupiga kura na uchungu wake. Aulize maswali, adai hesabu, amkatae mwenye hongo, amwombee anayestahili. Na kura zikisha kuhesabiwa asiende kulala, kwani kazi yake ndiyo kwanza inaanza.