Dorothy Hodgkin: Miaka 34 akiitafuta sura ya insulini

Kama kuna ndugu yako Mchinga anachoma sindano ya insulini, mfahamu mama huyu.

Alizaliwa Cairo mwaka 1910. Akiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza pale Oxford alijifunza kupiga fuwele eksirei. Fuwele ni kama punje ya chumvi, chembe zake zimejipanga kwa safu. Miale ikipita ndani yake hutawanyika na kuacha nukta kwenye filamu. Ukizipima nukta na kupiga hesabu, unajua kila atomi imekaa wapi.

Mwaka 1934, yeye na John Bernal walipata picha safi ya protini ya pepsini. Siri ilikuwa ndogo tu: fuwele zisiachwe zikauke.

Mwaka huohuo baridi yabisi ilianza kumkunja vidole. Hakuacha kazi. Mwaka 1935 aliipiga picha insulini, lakini kuzipanga atomi zake karibu 800 haikuwa mchezo. Penisilini na vitamini B12 zikatangulia, zikampa Nobeli mwaka 1964.

Insulini? Aliipata mwaka 1969. Alifariki mwaka 1994.